Kimbo, Kizuri Hakijiuzi

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni nani miongoni mwetu asiyelelewa na methali hii? Mimi nimeisikia tangu utotoni ikitolewa kwa muuza samaki, kwa fundi cherehani, na kwa msichana apendaye kusimama dirishani. Ama kwa wapambaji wa harusi wa huku kwetu mwambao, methali hiyo imekuwa kama sheria. Nenda Kuze au Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, uulize mpambaji mzuri ni nani, na mtoto wa chuoni atakupeleka mpaka mlangoni kwake. Hana kibao nje wala hana tangazo gazetini. Kibao chake ni midomo ya akina mama waliokaa ukumbini usiku wa kupamba, wakakitazama kiti cha bibi harusi, na taa, na mapazia, na vikuba vya asumini, kisha asubuhi yake wakapelekeana habari nyumba kwa nyumba. Kazi mbovu nayo husafiri kwa njia hiyo hiyo, tena kwa mbio zaidi.

Lakini methali ni kama dawa, ina mahali pake pa kufanyia kazi. Hii imetungwa na watu wa mji ambamo kila mmoja anamjua mwenziwe, na asiyemjua yeye anamjua mamake. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ni kupamba shughuli, ameolewa bara na anakaa Kimbo. Huko kizuri hakijiuzi. Kizuri hukaa ndani ya magunia, chini ya kitanda, kikingojea mtu akijue.

Kwa msomaji asiyepata kufika, Kimbo ni mahali utakapopapita ukitoka Nairobi kwa barabara kuu ya kwenda Thika, baada ya kuuacha mji wa Ruiru na kabla ya kufika Juja, katika Kaunti ya Kiambu. Upande huo ulikuwa nchi ya mikahawa. Kituo cha utafiti wa kahawa kiko Ruiru, na mbegu ya kahawa iitwayo Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985, imelichukua jina la mji huo mpaka mashamba ya mbali. Siku hizi palipokuwa na mikahawa pamemea maghorofa ya kupangisha. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 iliwakuta Ruiru watu 238,000 na ushei. Ile ya mwaka 2019 iliwakuta zaidi ya 490,000. Kati ya hesabu hizo mbili barabara yenyewe ilipanuliwa, ikafunguliwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Novemba 2012, na mtu akaweza kulala Kimbo na kufanya kazi Nairobi.

Fikiri, ndugu msomaji, tarakimu hizo zina maana gani kwa mpambaji. Katika muda wa miaka kumi watu wameongezeka zaidi ya maradufu, maana yake ni kwamba wengi kati ya majirani zake ni wageni kama yeye. Ghorofa ya tatu hawamjui wa ghorofa ya nne. Shughuli lakini zipo, tena tele. Wenzetu Wakikuyu wana ruracio, yaani shughuli ya mahari, ambayo siku hizi hupambwa kwa vyungu, vibuyu na vikapu kuliko harusi zetu nyingi. Vyuo vikuu viko karibu, cha Jomo Kenyatta hapo Juja na cha Mount Kenya huko Thika, na kila mahafali huzaa karamu mitaani. Kuna siku za kuzaliwa za watoto. Kuna hata sherehe za kumpongeza mama kabla hajajifungua, jambo ambalo bibi zetu wangelikemea vikali. Na Waislamu wa Ruiru na Thika, ijapokuwa si wengi, wana nikaha zao, akika zao na Idi zao.

Watu hawa wote, wakitaka mpambaji, hawamuulizi jirani. Wanaiuliza simu.

Ndiyo sababu mpwa wangu aliamua kuwa na tovuti, akaniita. Mimi si fundi wa kompyuta, na kazi ya kuijenga ilifanywa na kijana mmoja wa huko huko. Mimi niliitwa kwa ajili ya maneno. "Mjomba," aliniambia, "wewe umekula kwa maneno maisha yako yote. Niandikie na mimi yangu." Basi nilikaa kwake siku kadhaa, na niliyoyaona nayaandika hapa kwa sababu najua huku pwani wako mabinti wengi wenye ufundi kama wake na haja kama yake.

Swali la kwanza aliloulizwa na mumewe lilikuwa la haki. Kurasa za Facebook na Instagram si anazo tayari, tena bure? Tovuti ya nini? Jawabu ni kwamba kurasa zile ni kibanda cha kukodi katika soko la mtu mwingine. Mwenye soko akitaka hukisogeza kibanda chako nyuma, akitaka hukifunga, na hana deni kwako. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa muda wa saa sita hivi, na wafanyabiashara waliokuwa na vibanda humo tu walikaa siku ile kama watu waliofungiwa nje ya maduka yao. Kisha kuna jambo la mpangilio. Picha ya ruracio uliyoitia mwezi wa tatu, kufika mwezi wa sita imeshafukiwa chini ya picha nyingine mia, na mteja hana subira ya kufukua. Katika tovuti kila kitu hukaa rafuni kwake, harusi mahali pake, watoto mahali pao. Sikumshauri avunje vibanda. Nilimwambia avitumie kuwaelekeza watu dukani.

Duka huanza na jina. Majina ya tovuti za Kenya huishia kwa herufi .ke, ambazo ziliandikishwa mwaka 1993, na siku hizi husimamiwa na shirika liitwalo KeNIC. Biashara hutumia .co.ke, jumuiya zisizotafuta faida .or.ke, serikali .go.ke. Jina hulipiwa kila mwaka, na bei ya jina la .co.ke si ya kutisha, ni kama bei ya kuku wawili watatu. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kuchagua jina refu la Kiingereza lenye tarakimu katikati. Nikamwomba anitajie jina hilo akiwa chumba cha pili, maji yakichururika na redio ikisema. Sikulipata. Mteja atalisikia mara moja tu, tena ndani ya matatu, kwa hiyo jina liwe fupi na liandikwe kama linavyotamkwa. Tulikubaliana juu ya neno moja la Kiswahili ambalo hata mtoto wa darasa la tatu angeliandika bila kukosea.

Na katika jina kuna mtego. Nimewajua wafanyabiashara waliomwachia fundi alisajili jina kwa anwani yake yeye fundi na kwa simu yake. Walipokosana, fundi akaondoka na jina, na kibao cha duka kikawa mali ya mtu mwingine. Jina lisajiliwe kwa anwani ya barua pepe ya mwenye biashara, na neno la siri liwe mkononi mwake. Na tarehe ya kulipia iandikwe mahali pa kuonekana, kwani jina lililosahauliwa mwisho wake huweza kuchukuliwa na mwingine.

Hapa naomba ruhusa nichepuke kidogo kwa ajili ya fahari ya kwetu. Mtandao huu unaowahudumia watu wa Kimbo ulipanda bara kutoka pwani. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti, njia ghali na ya kusuasua. Mwezi Juni mwaka huo waya wa TEAMS ulitua Mombasa ukitokea Fujairah, katika Falme za Kiarabu, umelazwa chini ya bahari. Mwezi uliofuata waya wa SEACOM nao ukaanza kazi. Yaani ni safari ile ile ya majahazi yaliyoshuka kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, ila waya haungoji msimu.

Sasa niingie katika kiini cha habari, nacho ni picha. Tovuti ya mpambaji bila picha ni sinia bila wali. Mpwa wangu alinifungulia simu akanionyesha picha kumi na tisa alizotaka zitangulie. Zilikuwa nzuri mno. Kumbi zenye dari za vioo, maua kama bustani, viti vya dhahabu. Nikamuuliza ni shughuli za wapi. Akacheka. Sita tu zilikuwa zake. Nyingine zilikuwa za Dubai, za Lagos, na nyingine wala hajui za wapi. Alisema katika kazi yao ni desturi, kila mpambaji huokota picha mtandaoni akasema "tunaweza hivi", na mteja naye huja na picha kama hizo hizo mkononi akitaka afanyiwe.

Desturi hiyo mimi siikubali. Kuna kisa kinachojulikana na kila aliyekaa darasani msikitini, cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akatia mkono katika rundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta umajimaji chini yake. Mwenye nafaka alisema ni mvua iliyonyesha. Naye akamuuliza kwa nini hakuiweka juu iliyolowa ili watu waione. Picha ya Dubai juu ya kazi ya Kimbo ni nafaka kavu juu ya iliyolowa. Isitoshe, picha ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda. Na tuache dini na sheria, tutazame biashara peke yake: mteja aliyeahidiwa dari ya vioo, akaletewa hema lenye vitambaa vya shifoni, hata kama vitambaa vimefungwa kwa ustadi usio na kifani, ataondoka na kinyongo.

Picha kumi na tatu zikatolewa. Zile sita zilizobaki zikaonekana chache, nazo zilikuwa zimejaa watu. Na hapo ndipo tulipogombana kweli, mimi na mpwa wangu.

Msomaji wa mwambao hahitaji kuelezwa usiku wa kupamba ni nini. Ni akina mama peke yao, buibui zimevuliwa, nywele zimeachwa, bibi harusi yuko juu ya jukwaa na hina yake na dhahabu yake, amepambwa ili atazamwe na wanawake wenziwe. Siku hizi, katika shughuli nyingi, simu huachwa mlangoni, au hufungwa kwa karatasi ya gundi jicho la kamera. Sitara hiyo haikuanza na simu. Ipo hata katika ramani ya nyumba za mawe za Lamu. Mgeni hukaribishwa katika daka, baraza la mlangoni, akakaa akanywa kahawa, na nyumba ikaheshimika kwa uzuri wa mlango wake. Huko ndani ni kwa wenyewe. Nilimwambia mpwa wangu kwamba tovuti ni daka la biashara yake. Aitandike vizuri, lakini asiwaweke watu wa ndani humo barazani.

Yeye hakunyamaza, na maneno yake hayakuwa ya kipuuzi. "Mjomba, watu hawakodi viti, wanakodi furaha. Kiti kitupu hakina furaha. Wenzangu wa hapa Ruiru wanaweka maarusi wanacheka, na simu zao hazilali. Mimi niweke mapazia?" Akaongeza kwamba wateja wake wengi si Waislamu, na kwamba wao wenyewe huzitangaza picha zao kabla hata keki haijakatwa.

Ni kweli. Uso unauza, na atakayesema hauuzi anajidanganya. Lakini uso wa nani? Furaha ile ina mwenyewe, naye alilipia kupambiwa, hakulipia kuwa tangazo. Na katika Kenya ya leo hili si suala la adabu pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ilipitishwa mwaka 2019, na ofisi ya kamishna wake imeonyesha kwamba haichezi. Mwezi Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa starehe, papo hapo Nairobi, pakatozwa shilingi 1,850,000 kwa kuitia mtandaoni picha ya mteja ambaye hakuridhia. Mpambaji anayehesabu maputo kwa dazeni hana pa kuzipata fedha hizo. Na katika kazi yake watoto hawaepukiki, kwani nusu ya shughuli za Kimbo ni za siku za kuzaliwa.

Tulichokifanya ni hiki. Mpambaji ana nusu saa yake ya dhahabu, nayo ni ile baada ya kufunga fundo la mwisho na kabla ya mgeni wa kwanza kuingia. Ukumbi uko tayari, viti vimenyooka, hakuna soda iliyomwagika, na hakuna mtu. Wapambaji wengi huipoteza nusu saa hiyo kwa kukusanya kamba na kamba, kisha hupiga picha usiku, watu wamekwisha kuketi na matao ya maputo yamekwisha kupasuka. Sasa yeye huifungia kazi. Hufuta kioo cha kamera kwa pembe ya leso, huzima taa ya simu, husimama kwenye kona ili upana wa ukumbi uonekane, huinamisha simu usawa wa kifua ili meza zisionekane kama zinaporomoka. Hupiga jukwaa kwa mbali, kisha hukaribia: fundo la kitambaa, sahani na leso yake, ua moja. Katika wiki tano alipata picha za kumtosha, zote zake, na hakuna hata moja yenye uso.

Nyuso hazikupigwa marufuku, lakini. Kuna karatasi moja ya ruhusa, mbali na risiti, yenye maneno machache: picha zipi, zitawekwa wapi, na kwamba mwenyewe akibadili nia siku yoyote atapiga simu na picha itaondolewa. Ikiwa ni mtoto, mzazi ndiye anayetia sahihi. Familia moja iliyofanya ruracio iliitia sahihi kwa furaha, na picha yao, wazee wamevaa kofia zao na bibi arusi anacheka, iko pale inang'ara. Nyingine mbili zilikataa. Zikapambiwa vile vile na kwa bei ile ile.

Na kwa shughuli za akina mama wa Kiislamu, tuliweka ukurasa usio na picha ya watu kabisa. Niliuandika mimi, nao una mstari huu: wapambaji wetu ni wanawake, hatuingii na simu, hatupigi picha baada ya wageni kufika. Mpwa wangu alidhani ukurasa huo utakaa bila kazi. Ndio uliomletea simu kutoka kwa mama mmoja wa Thika aliyekuwa akimwoza bintiye, na huyo mama hakuuliza bei mpaka dakika ya kumi ya mazungumzo. Aliuliza kwanza kama mstari ule ni kweli.

Maneno mengine yalihitaji akili ya namna nyingine, maana husomwa na asiyekuwa mtu. Zana za kutafutia kama Google hutuma programu zinazopita kurasa zote za dunia zikisoma na kukariri, na mafundi huzilinganisha programu hizo na buibui. Nilipoambiwa hivyo nilicheka peke yangu, kwani hata neno letu mtandao ni la ukoo mmoja na utando, na mpwa wangu alikuwa ameketi mbele yangu ndani ya buibui la namna nyingine. Basi buibui huyo wa kompyuta hutegemea sana maandishi. Ukimwonyesha picha ya jukwaa bila neno, hana uhakika ni nini wala ni la wapi. Kwa hiyo kila picha iliandikiwa maelezo, kazi gani na mji gani: mapambo ya ruracio Ruiru, maputo ya siku ya kuzaliwa Juja, kiti cha bibi harusi Thika. Na majina yaandikwe kama watu wanavyoyasema. Mimi niliandika "mapambo" kila mahali kwa kuipenda lugha yangu. Mpwa wangu akanikumbusha kwamba Kimbo watu wanasema "dekoresheni", na watakaouliza simu watauliza hivyo. Tukaweka yote mawili.

Uzito wa picha nao ni jambo ambalo wengi hawalijui. Picha moja kama ilivyotoka kwenye simu huweza kuwa na megabaiti nne. Weka ishirini, umempa mteja mzigo wa megabaiti themanini, naye amenunua bando la shilingi ishirini. Ataondoka kabla jukwaa halijafunguka. Kijana fundi alizipunguza zote hadi chini ya robo ya megabaiti moja moja, na kwa macho yangu sikuona tofauti.

Duka likishafunguliwa, lazima mbiu ipigwe. Watu wa Pate na Lamu walikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe ya ndovu au shaba, lililopigwa katika harusi za wakubwa, na aliyelisikia alijua kwamba leo kuna jambo. Siwa zile za kale leo zimehifadhiwa kama urithi. Mpambaji wa Kimbo ana nini? La kwanza ni ramani ya Google, ambayo kujiandikisha ni bure. Mtu akiuliza mpambaji aliye karibu naye, hujibiwa kwa walioandikwa katika ramani, pamoja na simu zao na saa zao za kazi. La pili ni WhatsApp ya biashara, iliyotoka mwaka 2018, ambayo ina mahali pa kupanga bidhaa na kiungo cha tovuti. Na la tatu ni watu. Mpwa wangu alizunguka kwa miguu kwa waoka keki, kwa wenye mahema na viti vya kukodi, kwa wapiga picha na kwa wenye kumbi kuanzia Ruiru mpaka Juja, akawaomba wamtaje naye awataje katika tovuti yake. Kwa maoni yangu hilo la tatu lilimfaa kuliko mengine yote, kwa sababu mwoka keki husikia habari za shughuli wiki tatu kabla ya mpambaji.

Rafiki yake mmoja alijitolea kumwandikia sifa katika ramani kwa majina kumi ya uongo, nyota tano tano. Hilo halikuhitaji mjadala mrefu. Sifa zile kazi yake ni ushahidi, na sote tumefundishwa uzito wa ushahidi wa uongo. Alianza na sifa moja, ya jirani aliyempambia mtoto wake, yenye nyota nne na lalamiko kwamba alichelewa kwa saa nzima. Akaijibu kwa adabu, akaeleza kwamba gari la kukodi liliharibika njiani, na akaiacha pale pale.

Ukurasa wa bei tuliuandika mwisho, nao ulituchukua usiku mzima. Wapambaji wengi hawaandiki bei, husema piga simu, na mteja huhisi anatazamwa mfuko. Yeye aliandika bei ya kuanzia kwa kila aina ya shughuli, na akaeleza kinachoiongeza: ukubwa wa ukumbi, maua ya kweli badala ya ya bandia, na umbali kutoka Kimbo. Jambo gumu lilikuwa arubuni. Watu wametapeliwa sana kwa arubuni, wakatuma fedha kwa simu kwa mpambaji mwenye picha nzuri, na siku ya shughuli asionekane. Kwa hiyo tuliandika mahali anapowekea vitu vyake, ili anayetaka aende akavione na akavishike kabla ya kutuma senti. Fedha hutumwa kwa namba ya biashara ya M-Pesa inayotoa jina la biashara lile lile lililo juu ya tovuti, si kwa namba ya mtu. Kisha tukaandika masharti ya kughairi. Mwenye kughairi siku saba kabla hurudishiwa nusu. Mwenye kughairi baada ya hapo hana lake, kwani maua yamekwisha kununuliwa. Aliyefiwa hurudishiwa zote, siku yoyote.